Soli za Mbeba Bombomu

Binadamu anaweza kunidanganya kwa mdomo, kwa macho, hata kwa machozi. Kwa soli hawezi. Nina miaka ishirini na mbili kwenye kibanda changu cha kushona viatu, na nikigeuza kiatu nakwambia mwenyewe ana nyonga mbovu, au ana tabia ya kusimama kwa ncha za vidole mlangoni akisikiliza ya watu. Wateja hawaipendi tabia yangu hii. Babu aliyenilea aliniita Nyundo kwa sababu hiyo, na jina likagoma kutoka.

Ndiyo maana nilishangaa kwamba, kati ya watu wote, ni Babu aliyesahau kwamba soli husema.

Jumatatu asubuhi Kamanda alikuja kibandani amekumbatia sanduku la mbao kama mtoto mchanga. Kamanda hajawahi kuwa kamanda wa kitu chochote. Ni msimamizi wa makumbusho ya jeshi, lile jengo lenye mzinga mlangoni, na jeshi lenyewe lilimkataa ujanani kwa sababu ya nyayo bapa. Najua, maana soli zake za ndani nazitengeneza mimi. Lakini mtajie bunduki yoyote, atakwambia uzito wake mpaka wa mkanda. Ofisini ana meza ya mchanga yenye mto wa kioo na askari wadogo wa bati, na akiwapanga hutoa milio ya mizinga kwa mdomo. Mtu mzima, ana wajukuu.

"Fundi," alisema, "hapa nimebeba historia."

"Weka kwenye benchi, usije ukaiangusha."

Ndani mlikuwa na jozi ya buti za jeshi, nyeusi, za zamani, zile zenye njumu za chuma chini. Nilizijua kabla hajazifunua. Zilikaa juu ya kabati la Babu maisha yangu yote, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzigusa.

"Babu yako ametukabidhi mwenyewe. Jumamosi tunafungua chumba kipya cha mapigano ya mtoni, na buti hizi zitakaa katikati, ndani ya kabati la kioo. Zipake mafuta, kaza nyuzi, usibadilishe kitu. Chini yake nitaweka kibao cha shaba: Buti za mbeba bombomu wa kwanza kuvuka."

Hayo mapigano ya mtoni nimekua nayo kama ndugu yangu wa kuzaliwa. Bombomu, kwa ambaye hajakaa na Babu, ni ile bunduki ya kumimina risasi mfululizo, nzito kama gunia, inayosimama kwa miguu mitatu. Babu alivuka nayo begani, wa kwanza katika kikosi kizima. Nilipokuwa darasa la kwanza maji ya mto yalimfika magotini. Nilipomaliza shule yalikuwa kifuani. Mwaka huu alivuka akipumulia mtutu. Hatukumhoji. Aisifuye mvua imemnyea, tulisema, na shangazi yangu hata akikosana na muuza mkaa humkumbusha kwamba sisi ni damu ya mbeba bombomu.

"Tena kuna jambo," Kamanda aliendelea, macho yakimng'aa. "Nimepata kibali cha kulitoa bombomu lenyewe stoo. Halipigi tena, lakini vipande vyote vipo. Jumamosi, mbele ya wageni na maofisa, mzee atatuonyesha linavyofungwa kwenye miguu yake. Kwa mikono ileile! Nimeshamwambia."

"Akasemaje?"

"Alikohoa kwa furaha."

Kabla ya kuondoka alinitolea daftari, kama anavyomtolea kila mtu asiyekimbia haraka. Ulikuwa ugonjwa wake wa miaka miwili. Nesi mmoja mstaafu alileta makumbusho koti la askari, na ndani ya kola Kamanda akakuta maandishi ya uzi mwekundu. Alikuwa ameyanakili kurasa nzima, kwa wino wa rangi tatu.

"Ona. Baadhi ni herufi zetu, baadhi si za taifa lolote duniani. Hii ni lugha ya mafumbo. Palikuwa na kikosi cha siri, fundi, nami nimekaribia kukifichua."

"Na huyo nesi alisemaje?"

"Alitaka kusema kitu, lakini nilikuwa namweleza habari za mizinga."

"Kwa muda gani?"

"Kama saa mbili. Halafu akasema basi litamwacha."

Alipoondoka nikazigeuza buti.

Mtu anayetembea huanza kula kisigino, upande wa nje. Askari mwenye mzigo begani hukila zaidi. Visigino vya buti hizi vilikuwa vizima, chuma chake kinene kama siku kilipopigiliwa. Kilicholika ni mbele, chini ya vidole, na njumu za hapo zilikuwa zimechorwa mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawasawa. Niliitazama mistari ile kwa muda. Kisha nikageuka nyuma, ilipo cherehani yangu ya kushonea mikoba, na chini ya cherehani kanyagio lake la chuma, lenye mataruma, zile fito za chuma, yaliyopangwa kwa nafasi sawasawa. Nikaweka buti juu ya kanyagio. Ilikaa kama mfuniko kwenye sufuria yake.

Nikainua na ngozi ya ndani. Buti iliyoingia mtoni huacha kutu kwenye matundu ya misumari. Hapakuwa na kutu. Palikuwa na vumbi la nyuzi, na ncha ya sindano ya cherehani iliyovunjika.

Babu yangu, simba wa mtoni, alikuwa fundi cherehani.

Nilicheka peke yangu mpaka muuza magazeti akachungulia. Kisha nikaikumbuka Jumamosi, na kicheko kikanikauka. Nilimwona mzee wa miaka tisini na sita amesimamishwa mbele ya maofisa, bombomu limelala vipande vipande mezani, na kila mtu anasubiri. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Babu ilikuwa imekwenda miaka sabini na sita, na ilikuwa inaishia mbele ya kipaza sauti.

Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani. Nilimkuta uani. Alikuwa amekisimamisha kigoda cha miguu mitatu juu ya ndoo, na alikuwa akihangaika kukifungia kipande cha bomba kwa kamba ya kuanikia nguo ya shangazi.

"Shikamoo Babu. Unafanya nini?"

"Marahaba. Natengeneza bomba."

"La nini?"

"La maji."

"Mbona limelenga chumba cha shangazi?"

Nilimkamata mkono, nikamfungua kiganja, nikaiweka ile ncha ya sindano katikati. Aliisogeza karibu na jicho lake zima.

"Namba kumi na nane," alisema. "Ya kitambaa kizito." Ndipo akasikia alichokisema. Akakaa kwenye ndoo polepole, kigoda kikaanguka, na bomba likabingirika mpaka kwenye karo.

"Umewaambia wangapi?"

"Hakuna."

"Hata shangazi yako?"

"Babu, ningemwambia shangazi ungekuwa umeshapigiwa simu ya pole."

Alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Kisha akaanza kuzungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika hadithi zake za vita. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeeleza kazi aliyoifanya.

"Niliporudi, vijana walinizunguka. Ulifanya nini huko? Nikawaambia kweli. Nimeshona vifungo. Nimetia viraka suruali za watu mia nne. Walicheka mpaka wakakaa chini, mjukuu wangu. Mmoja akaniuliza kama adui nilimpima kiuno kabla ya kumpiga. Basi nikahamia mtaa mwingine, na huko nako wakaniuliza. Nikasema bombomu." Aliligusa bomba kwa ncha ya kiatu. "Hebu niambie, Nyundo. Umewahi kuona mtu akimpigia saluti fundi cherehani?"

Mimi ni fundi viatu, na kibandani kwangu watu hawapigi hata hodi.

"Vita vya kwenye meza ya Kamanda ni mizinga na mabendera," aliendelea. "Vyangu vilikuwa chawa kwenye pindo. Vilikuwa matope. Askari akikatikiwa na kifungo cha suruali hawezi kukimbilia mbele wala nyuma, anashika kiuno tu kama bibi harusi. Wote walipitia kwangu. Nilimjua mwoga kwa jasho la kwapani, na niliwajua wenye watoto, maana walitaka mfuko wa ndani wa kuwekea barua."

"Sasa hayo si ndiyo mambo ya kusimulia?"

"Nani ayasikilize? Hata lile moja la maana nililofanya, nililifanya ovyo."

Aliitazama ile ncha ya sindano kiganjani.

"Tulikaa kando ya mto siku tatu, mvua inanyesha, tunangoja amri ya kuvuka. Vibati vya majina vya shingoni havikutosha, na kamba zake zilikuwa zimeoza. Kijana mmoja akaja hemani kwangu. Fundi, akasema, nishonee jina langu ndani ya kola. Mto ukinichukua, mama asije akamzika mtoto wa mwingine akidhani ni mimi. Nikamshonea. Kufumba na kufumbua, foleni. Sasa mimi kusoma sikujua. Nikawaambia kila mtu aandike jina kwa chaki yangu kwenye karatasi, aikoleze vizuri. Naigandamiza karatasi kwenye kola, chaki inahamia kwenye kitambaa, nami nafuata kwa sindano. Uzi mwekundu, ndio uliokuwa umebaki. Nilishona mpaka vidole vikavimba. Siku ya tatu akaja koplo mmoja msomi, akageuza kola yake, akasema, fundi, haya majina yote umeyaandika kinyume."

"Ile chaki," nikasema. "Ukigandamiza, inageuka."

"Leo najua. Watu sitini na mmoja! Nilitaka kuyafumua, wakanikataza. Acha tu, wakasema, risasi nazo hazijui kusoma. Wakavuka wanacheka. Mimi sajini akaniadhibu siku sita kuchimba vyoo, kwa kuharibu mali ya jeshi. Kati yao ishirini na watatu hawakurudi. Waliniomba kitu kimoja, Nyundo, jina tu, nikawapa kitu kisichosomeka."

Nimemwona Babu akiwalilia wenzake mara nyingi, katika hadithi, kwa sauti kubwa na kujipigapiga kifua. Safari hii hakutoa sauti yoyote. Machozi yalishuka tu, naye akayafuta kwa mkono ulioshika sindano, nikamwambia aangalie jicho. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu, na katikati ya huruma hiyo nikaliona daftari la Kamanda mbele yangu, kurasa zote na wino wake wa rangi tatu.

"Babu, lile koti kule makumbusho..." nikaanza, kisha nikajizuia. Niende nikahakikishe kwanza.

Nilimkuta Kamanda ofisini akivusha askari wa bati. "Lete koti lako la siri," nilimwambia. Nilitoa kioo kidogo kwenye pochi nikakisimamisha kando ya kola. Kamanda aliinama. Midomo yake ikaanza kusoma: jina la mtu, jina la baba yake, na namba yake ya jeshi, safi kabisa, kwa uzi mwekundu.

Alijikalisha juu ya meza ya mchanga na kuua kikosi kizima cha mizinga.

"Miaka miwili," alisema. "Kurasa mia na arobaini. Fundi, hicho kikosi cha siri nilikuwa nimeshakichagulia mpaka mkuu wake."

"Mstaafishe kwa heshima."

"Nani alishona hivi? Kwa nini?"

Hapo ulimi uliniwasha. Kumsema Babu ilikuwa kumvua nguo mbele za watu. Kunyamaza ilikuwa kumwacha avuliwe na bombomu. "Aliyeshona yuko hai," nilisema mwishowe. "Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Wewe kibao cha shaba usikichonge kwanza. Na mpigie simu yule nesi, aje Jumamosi. Akianza kuzungumza, nyamaza."

Usiku sikumbembeleza Babu. Nilimwambia tu kwamba kola moja ipo makumbusho, na aliyeileta anakuja. "Ukitaka kulifunga bombomu, lifunge. Mdomo wangu umeshonwa, na kuushona umenifundisha wewe." Alinigeuzia ukuta akajifanya amelala, lakini miguu yake chini ya shuka ilikuwa ikikanyaga.

Jumamosi chumba kilijaa. Babu alivaa suti yake ya kijivu, ile ambayo sasa nilijua aliishona mwenyewe akadai ameinunua. Walimkalisha mbele kabisa, na kwenye meza yenye kitambaa cha kijani bombomu lilikuwa limelala vipande vipande. Shangazi alikaa nyuma yake, mabega juu, akiwasalimia maofisa kama wakwe zake. Buti niliziweka kwenye kabati la kioo mwenyewe, nikazilaza chali, soli juu. Kamanda alinitazama, nikamtazama, akaghairi kuuliza.

Alihutubia dakika nne tu, na nadhani zilimuuma. Kisha akamkaribisha nesi. Alikuwa bibi wa miaka themanini hivi, mgongo umenyooka, pochi mkononi. Alilichukua koti kwenye meza, akageuza kola, akatoa kioo kwenye pochi yake, akalisoma jina kwa sauti.

"Huyu ni baba yangu. Mto ulimchukua," alisema. "Nilikuwa na miaka minne. Walimpata siku ya tano, mbali huko chini, na sura hakuwa nayo tena. Kibati hakuwa nacho. Koplo mmoja ndiye aliyegeuza kola, halafu akaomba kioo cha kunyolea ndevu. Kwa hiyo baba yangu ana kaburi lenye jina lake, na koti hili lilirudi kwetu. Nina swali moja. Nilitaka kuliuliza miaka miwili iliyopita." Alimtazama Kamanda, na Kamanda akatazama viatu vyake. "Kuna anayejua nani alishona?"

Wakati huo ofisa mmoja kijana, kwa heshima zote, alikuwa amemkabidhi Babu mguu wa bombomu ili ajiandae. Babu aliushika. Nilimtazama shingoni. Uongo haukuwahi kumtoa jasho mzee huyu, hata ule wa kupumulia mtutu. Sasa jasho lilikuwa linamwingia kwenye kola.

Aliuweka mguu wa bombomu chini ya kiti. Akanyoosha kidole kimoja juu kama mwanafunzi.

"Ni mimi, mwanangu. Hilo bombomu silijui, hata sijui linaingia upande gani. Nilikuwa fundi cherehani. Na jina la baba yako nililikosea, nikalishona kinyume. Nisamehe."

Shangazi alitoa mlio mdogo. Nyuma kabisa mtu alicheka, kicheko kimoja kifupi. Niligeuka nikamtazama, na sijui aliona nini, lakini alianza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Nesi alikuja mpaka kwenye kiti cha Babu na kuinama mbele yake, koti likiwa bado mikononi.

"Nikusamehe nini, baba? Ungelishona sawasawa, mama angelisoma mara moja akalifungia sandukuni. Kwa vile lilikuwa kinyume, kila alipotaka kulisoma ilimbidi asimame mbele ya kioo. Kila asubuhi, miaka hamsini na mmoja. Jina la mume wake na uso wake mwenyewe, pamoja, ndani ya kioo kimoja. Hawakuwahi kupiga picha wakiwa wawili. Alituambia picha yao ndiyo hiyo."

Babu alifungua mdomo. Mtu aliyevuka mto ule mara elfu moja kwa maneno hakupata hata neno moja. Aliigusa kola, akapitisha kidole juu ya uzi mwekundu, kutoka mwisho wa jina kuja mwanzo, kama alivyolishona.

Ndipo Kamanda alipopiga visigino pamoja, nyayo bapa na vyote, akampigia saluti. Ofisa kijana akafuata, na wengine nyuma yake. Chumba kizima kilisimama wima kwa ajili ya fundi cherehani. Nililia waziwazi, wala sikutafuta kitambaa.

Babu aliwaangalia mmoja mmoja. Kisha macho yake yakatua kwa Kamanda na yakabaki hapo.

"Kiwiko juu," alisema, sauti ikiwa inarudi.

Kamanda alikipandisha kiwiko, na kwapa la koti lake likachanika, tena kwa kishindo.

"Nilijua. Nimeutazama mshono huo tangu unahutubia, wamepitisha uzi mmoja tu. Vua, vua hilo koti. Nyundo, una sindano?"

Nilikuwa nayo. Nilimpa na uzi mwekundu.